Simu Zilizopewa Namba

Agosti 22, Jumatatu

Joto. Maharagwe ya kando ya barabara yameanza kugeuka manjano.

Daftari la nyaraka zinazoingia limejaa, kwa hiyo leo nimetengeneza jipya. Kurasa mia mbili, nimezipa namba moja moja kwa mkono, nikatoboa matundu matatu pembeni, nikapitisha uzi, na ncha za uzi nikazibandika kwenye jalada la nyuma kwa nta ya lakiri na muhuri wa duara. Kazi ya saa mbili. Mheshimiwa Aichurok, hakimu wetu, alisimama mlangoni akinitazama.

"Kaka Jumagazi, na mtu akitaka kuchomoa ukurasa mmoja?"

Nikamwambia itabidi akate uzi, na uzi ukikatwa daftari zima ni batili.

"Nani alikufundisha?"

"Hakimu wangu wa kwanza. Enzi za Moscow."

"Basi walituachia kitu kimoja cha maana."

Sikujua kama ananisifu au ananicheka. Ana mwaka mmoja na nusu hapa Kok-Bulung na bado sijamwelewa. Anakuja kazini na mabuti ya mpira, anakula tofaa pamoja na mbegu zake, na kile kitabu kidogo cha katiba mpya anakikunja kama kitabu cha mapishi. Tangu nianze ukarani nimepokea vitabu vya katiba vinne, au vitano, inategemea unahesabuje marekebisho. Kimoja kiko chini ya mguu wa kabati la majalada, kabati lisiyumbe.

Agosti 23

Hakuna kesi. Nimenunua wino.

Agosti 29, Jumatatu

Ombi kutoka ofisi ya wilaya, namba 296. Wanataka mahakama ipige marufuku mikusanyiko yote katikati ya mji hadi Novemba mosi, "kwa ajili ya utulivu wa mavuno". Sababu yenyewe kila mtu anaijua. Mkuu wa wilaya amezungushia uzio uwanja wa kupuria maharagwe, ule wa lami uliobaki tangu enzi za shamba la ushirika, na inasemekana patajengwa kituo cha mafuta. Wakulima hawana pengine pa kupuria. Uani kwa mtu ni udongo, na mvua ikiyakuta maharagwe hayajapurwa yanapata madoa, wanunuzi wa Kituruki hawayatazami tena. Kwa hiyo Mama Zuurakan, mjane wa barabara ya mfereji, ameipa wilaya taarifa kwamba wakulima watakusanyika mbele ya ofisi Septemba 19.

Kama kawaida, nyuma ya ombi wamebana rasimu ya uamuzi wa mahakama. Imeshachapwa, imebaki sahihi ya hakimu tu. Miaka ishirini na saba nimepeleka ombi na rasimu kwa pamoja, na vimerudi kwa pamoja, wino haujakauka. Leo Mheshimiwa aliichomoa ile rasimu, akaigeuza mbele na nyuma.

"Hii nani kaiandika?"

"Wao, Mheshimiwa. Kukurahisishia."

"Wana moyo mzuri. Ipe namba yake. Andika: maoni ya mwombaji."

Nimeipa 297. Nimeona aibu kidogo, sijui kwa niaba ya nani. Kesi itasikilizwa Ijumaa, Septemba 16.

Agosti 30

Saa tatu asubuhi simu ililia. Simu iko mezani kwangu. Mimi huinyanyua na kumuunganisha hakimu. Alikuwa mtu wa ofisi ya wilaya, anataka "kuongea kidogo na hakimu kuhusu lile jambo". Nikaenda kumwambia Mheshimiwa. Hakuinua macho.

"Anayetaka kuniambia kitu kuhusu kesi ni upande wa kesi. Na upande mmoja ukiniambia kitu, wa pili una haki ya kukisikia. Iandike kwenye daftari."

"Mheshimiwa, daftari ni la nyaraka. Simu si waraka."

"Inaingia, haiingii?"

"Inaingia."

"Basi inaingia. Jina, saa, alichosema. Nakala kwa pande zote mbili."

Kisha akafungua kile kitabu chake na kunisomea mstari unaosema hakimu yuko chini ya katiba na sheria peke yake. Akasoma bila madaha, kama mtu anayesoma maelezo ya dawa. Nilirudi mezani nikamwambia yule mtu kwamba simu yake imepewa namba 298. Akauliza namba ya nini. Nikamweleza. Akakata.

Nilifikiri: huyu mama hatafika majira ya baridi. Muhula wake wa kwanza wa miaka mitano, alioanzia kwingine, unaisha Novemba, na kamati ya mahakimu kule Bishkek, mji mkuu, ndiyo itakayosema abaki au aondoke. Mimi nimebakiza miezi saba nistaafu. Kuna watu wanaopenda kusimama wima mlango ukiwa mfupi.

Septemba 2

Simu tatu. 303, afisa wa mkoa, alisema amekosea namba. 304, sauti ya kiume, haikutaja jina, ilikohoa, ikakata. 305, sauti ileile, nadhani. Nimeziandika zote.

Septemba 5, Jumatatu

Mawingu upande wa milimani, yameondoka mchana.

Mama Zuurakan amekuja kuchukua nakala za simu. Amezisoma amesimama, kofia ya jua kichwani, midomo ikitembea.

"Hii 304 ni nani?"

"Hakutaja jina, mama."

"Imeandikwa 'ilikohoa'."

"Alikohoa."

"Maskini. Ningejua ningemletea asali." Akakunja karatasi, akaziweka kifuani. "Jumagazi, wewe si ndiye uliyekuwa unatuambia 'acheni karatasi hapa, tutawaiteni'? Leo unanipa karatasi zenye muhuri. Umeanza kuumwa?"

Nikamwambia nafuata maelekezo.

"Zamani pia ulikuwa unafuata maelekezo," akasema, akaondoka.

Septemba 9, Ijumaa

Leo limetokea jambo ambalo sikulitegemea. Amepiga simu Saginali, kaka wa mke wangu, naibu wa mkuu wa wilaya.

"Shemeji, nasikia siku hizi mnatoa namba kwa simu."

"Tunatoa."

"Ndiyo utaratibu mpya? Wa katiba hii mpya?"

"Ni utaratibu wa mahakama hii."

"Vizuri sana. Mkubwa kila asubuhi ananiuliza, 'Umepiga mahakamani?' Namwambia nimepiga, haniamini. Sasa mimi napiga rasmi. Andika: naibu amekumbusha kwamba maelekezo ya mkuu ni ombi likubaliwe. Umeandika?"

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema haraka, ana kikao. Nikaandika. Nikamsomea. Akasema neno "ombi" liwe "ombi letu". Nikasahihisha, nikaweka sahihi pembeni mwa sahihisho.

"Haya, namba?"

"318."

"Mia tatu kumi na nane," akarudia polepole, anaandika. "Ahsante shemeji. Umeniokoa."

Nikarudisha simu mahali pake, nikaanza kunakili kwa pande zote mbili.

Septemba 12, Jumatatu

Barua kutoka ofisi ya wilaya, kwa mkono wa dereva. Muhuri wa duara, sahihi ya Saginali. "Kwa kurejelea simu yetu namba 318 ya Septemba 9, tunathibitisha maelekezo ya mdomo ya mkuu wa wilaya kwamba ombi letu likubaliwe kabla ya tarehe 19." Sisi tuliokulia kwenye zile ofisi hatuamini kitu mpaka kiwe na namba. Ukitupa namba, mikono inatafuta muhuri yenyewe.

Ningeweza kumpigia na kumwambia aje aichukue kabla sijaiingiza. Dereva alikuwa bado uani, anavuta sigara. Nilimwangalia mpaka akaondoka. Kisha nikaandika 321.

Mheshimiwa aliisoma mara mbili. Hakucheka. Alisema tu, "Nakala kwa pande zote mbili," na baadaye, akiwa ameshageuka, "Ni ndugu yako huyu?"

"Ni shemeji yangu."

"Daftari liko kwako, Kaka Jumagazi," akasema, akanipa ufunguo wa kabati, ufunguo ambao hukaa kwake siku zote.

Septemba 14, Jumatano

Saginali amekuja jioni na mguu wa kondoo. Amekula kidogo. Mke wangu Uulkan alipokwenda kumimina chai, akasogea karibu.

"Ile barua, shemeji. Mwanasheria wa mkoa kaiona nakala kwa yule mjane. Kanipigia anapumua kama farasi. Ananiuliza nani mwehu kaandika 'maelekezo ya mdomo' kwenye karatasi. Nikamwambia nilipewa namba."

"Nilikuuliza kama una hakika."

"Uliniuliza kama karani. Ungeniuliza kama shemeji." Akapangusa vidole. "Ule ukurasa utoke."

"Kuna uzi na lakiri."

"Mwaka ule wa mlinzi wa shule pia kulikuwa na uzi na lakiri."

Uulkan alikuwa amesimama na birika. Saginali aliendelea taratibu, kama anamweleza mgonjwa: hakimu anaondoka Novemba, hilo limeshaamuliwa, pensheni yangu inapitia mezani kwa wilaya, yeye ana watoto watatu.

Sijawahi kuliandika jambo hili hata humu. Miaka tisa iliyopita aliniomba hivyohivyo. Ukiipasha lakiri kwa kijiko cha moto inaachia bila kupasuka. Nilifungua uzi, nikaandika upya daftari zima la miezi minne kwa mwandiko wangu uleule, nikaruka mstari mmoja, nikashona tena. Malalamiko ya mlinzi wa shule, kwamba wilaya inamnyang'anya nyumba yake, yakawa "hayakufika kwa wakati". Nyumba ikaenda. Alihamia Kazakhstan na mama yake mzee. Hakuna aliyegundua, maana mimi ni mtu makini.

Septemba 15

Nilibaki ofisini wote walipotoka saa kumi na moja. Nilikuwa na kijiko. Nilikuwa na mshumaa wa kuyeyushia lakiri. Nililifungua kabati, likayumba kidogo, na niliona kwamba kile kitabu cha zamani hakipo tena chini ya mguu wake. Mheshimiwa ameweka kipande cha ubao. Kitabu kiko kwenye rafu, kimepanguswa vumbi, pamoja na wenzake wote, kwa mpangilio wa miaka. Cha mwisho upande wa kulia ni hiki kipya, na baada yake ameacha nafasi tupu, upana wa vidole viwili.

Nililitazama lile pengo. Hata yeye hana uhakika kwamba hiki ndicho cha mwisho. Anajua kinaweza kubadilishwa kama vile vingine, na bado anakisoma kama kitabaki.

Nimerudi nyumbani na kijiko mfukoni. Mguu wa kondoo haupo jikoni. Uulkan kaurudisha mwenyewe.

"Ni kaka yako," nikamwambia.

"Kaka yangu ana mshahara," akasema. "Mimi nina maharagwe shambani." Kisha, akiwa ananipa mgongo: "Yule mlinzi wa shule alikuwa ananiletea kuni mama alipokufa. Nilikuwa sijui ni wewe."

Nimerudisha kijiko jikoni.

Septemba 16, Ijumaa

Kesi. Upepo tangu asubuhi, wa kutoka milimani, wa mvua.

Chumba kilijaa. Mama Zuurakan mbele, kavaa koti lake la harusi za watu. Upande wa wilaya alikaa Saginali peke yake. Mwanasheria wa mkoa ameugua ghafla. Mheshimiwa aliniagiza nisome daftari kuanzia 296. Nikasoma: ombi, rasimu ya uamuzi, simu zote. Nilipofika "ilikohoa, ikakata" watu wakacheka, naye akangoja wamalize bila kugonga meza. Nilipofika 318 sauti yangu ikapungua. Akasema, "Kwa sauti, Kaka Jumagazi." Nikasoma kwa sauti. Kisha 321.

"Bwana Naibu, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu, Mheshimiwa. Lakini ile ilikuwa simu tu."

"Na muhuri?"

"Muhuri ni wa ofisi."

"Wilaya inasema hapa kwamba mkuu ameelekeza ombi likubaliwe. Unaliwasilisha hili kama hoja ya kisheria?"

Saginali alitazama mikono yake. Nimemfahamu miaka thelathini na sijawahi kumwona anatafuta neno. Mwishowe akasema, "Hapana, Mheshimiwa. Nililiandika kwa mazoea."

Alisema ukweli kabisa. Nadhani hata Mheshimiwa alilisikia hivyo, kwa sababu alimwambia kwa upole, "Kaa, bwana." Akasoma uamuzi aliouandika mwenyewe, kwa mkono, kurasa mbili. Katiba inawapa watu haki ya kukusanyika kwa amani; inawaruhusu watoe taarifa, haiwalazimishi kuomba ruhusa; mavuno si hatari kwa taifa. Ombi limekataliwa.

Mama Zuurakan akasimama. "Kwa hiyo Jumatatu tukusanyike?"

"Sijawaambia mkusanyike, mama. Nimesema hakuna wa kuwakataza."

"Ni tofauti?"

"Kubwa sana," akasema Mheshimiwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona akitabasamu mahakamani.

Saginali alipita karibu yangu bila kunitazama.

Septemba 19, Jumatatu

Wamekusanyika watu kama mia mbili. Nimewaona dirishani. Nilitegemea mawe, au hotuba. Mama Zuurakan alipanda juu ya gunia, akasema wanataka uwanja wao kabla ya mvua, akashuka. Mwingine akasema hilohilo. Uulkan alikuwepo, na chupa ya chai. Polisi wanne walisimama kivulini. Dakika arubaini, wakamaliza, maana kila mtu alikuwa na maharagwe ya kung'oa. Wakaokota maganda ya mbegu za alizeti waliyotema mbele ya ofisi ya wilaya, wakaondoka.

Mheshimiwa hakwenda dirishani hata mara moja. Alikuwa anasikiliza kesi ya ng'ombe.

Septemba 21

Mvua. Uzio bado uko.

Septemba 22

Mvua.

Septemba 23, Ijumaa

Lango la uwanja limefunguliwa saa nne. Waliolifungua hawakusema kitu. Robo ya maharagwe ya watu yamepata madoa, yetu pia. Yaliyobaki yanapurwa mchana kutwa; vumbi lake linaingia hadi ofisini, linakaa juu ya wino.

Oktoba 10, Jumatatu

Mheshimiwa amekwenda Bishkek mbele ya kamati. Alichukua basi, na mabuti yake. Nilimshauri avae viatu. Akasema njiani kuna tope.

Oktoba 14

Amerudi. Nilimuuliza wamemuuliza nini. Alisema waliuliza kama ana uhusiano mzuri na viongozi wa wilaya. Aliwajibu kwamba uhusiano wao wote umeandikwa na una namba.

Novemba 7, Jumatatu

Barua ya Bishkek, namba 402. Hajathibitishwa. Hakuna sababu iliyotolewa. Mimi ndiye niliyeifungua bahasha, mimi ndiye niliyeiandika daftarini. Aliweka sahihi ya kupokea mahali pake, akaandika saa.

"Ningeweza kuichelewesha," nikamwambia. "Siku mbili tatu. Ungemaliza kesi ya ng'ombe."

"Najua ungeweza, Kaka. Najua unaweza mengi." Sijui kama amewahi kuambiwa habari za mlinzi wa shule. Huu ni mji mdogo. "Na ile wiki ya Septemba nilijua pia. Ndiyo maana nilikupa ufunguo."

Sikuelewa mpaka nilipofika nyumbani. Hakunipa ufunguo kwa sababu aliniamini. Alinipa ili pawe na mtu wa kuamua.

Novemba 11

Ameondoka na kikombe, mabuti, na kitabu kimoja. Vile vingine ameviacha kwenye rafu.

Novemba 21, Jumatatu

Theluji ya kwanza. Hakimu mpya ni kijana wa Osh, anaitwa Ilgiz, mpole, anaogopa kabati lisimwangukie. Leo aliniuliza mbona simu ya hapa hailii. Alikotoka ililia kutwa. Kabla sijajibu alikuja mezani kwangu akainyanyua, akaiweka sikioni kusikia kama nyaya zimekatwa.

"Ni nzima," nikamwambia.

"Sasa kwa nini?"

Nikamwonyesha daftari, kuanzia 298. Alisoma amesimama. Alipofika kwenye kikohozi akacheka, kisha akaacha kucheka. Akauliza, "Na mimi nikitaka uache kuandika?"

"Utaniandikia agizo," nikasema, "na nitalipa namba."

Alirudi chumbani kwake. Hajaandika agizo. Nimemwona mchana akitazama ile rafu.

Novemba 27, Jumapili

Nimeandika barua kwa mlinzi wa shule. Anwani nimeipata kwa binamu yake. Nimemweleza siku malalamiko yake yalipofika kweli, na kwamba niko tayari kulisema mbele ya mahakama. Uulkan amenibandikia stempu. Kuna mambo ya pensheni yangu hapa, nayajua.

Desemba 1, Alhamisi

Baridi kali, wino mzito. Saa tano simu ililia, ya kwanza tangu mwezi uliopita. Nikainyanyua.

"Kaka Jumagazi, habari za asubuhi. Maharagwe yalipata soko?"

Ilikuwa sauti ya Mheshimiwa Aichurok; nilisimama, sijui kwa nini, hakuna aliyeniona. Nikamwambia yamepata, hata yenye madoa kidogo. Akafurahi. Alisema amepata leseni ya uwakili, ana kichumba Talas, mjini, juu ya duka la viatu. Nikampa salamu za Uulkan. Kisha akasema, "Nimepokea mteja. Anatoka Kazakhstan, alikuwa mlinzi wa shule kwenu. Ana barua yako. Nataka kujua hakimu atatupangia siku gani."

Daftari lilikuwa wazi mbele yangu. Ni yeye aliyetaka simu ziandikwe, na mimi nina deni kwake kuliko kwa mtu yeyote.

"Mheshimiwa," nikasema, "hii ni kuhusu kesi."

"Ni kuhusu kesi."

"Itabidi niiandike. Na nakala iende wilaya."

Nikachovya kalamu.

"Ningekasirika usingeandika," akasema. "Andika vizuri jina langu, siku hizi halina cheo."

Nikaandika: 447. Desemba 1, saa tano na dakika kumi. Aichurok Ormonova, wakili, kwa niaba ya mlalamikaji. Ameomba tarehe. Kisha nikamsomea, naye akasema ni sawa.